Vigingi Kumi na Vinne

Baba yangu alituruhusu kupiga chuma kila mahali Nkarungo, isipokuwa juu ya watu wake waliolala. Alitupa sharti hilo akiwa amesimama katikati ya njia, buti za mpira miguuni na jembe begani, na kwa jinsi alivyosimama nilijua hapo hakuna mjadala.

"Huku kote pigeni," alisema, akionyesha mashamba ya kahawa, uwanja wa shule na zizi lake mwenyewe. "Mkitaka pigeni hata chini ya kitanda changu. Lakini pale kwenye masale, hapana. Pale yupo mama yako, yupo babu yako, wapo wote tuliowabeba kutoka kule chini tulipohama. Mtu hapigiliwi msumari akiwa amelala."

Chilongani, fundi wangu wa nyaya, Mgogo wa miaka hamsini na kitu aliyekwisha kupiga vigingi nusu ya nchi hii, aliishusha nyundo yake polepole.

"Mzee, vigingi vyenyewe vyembamba," alisema. "Vinaingia futi moja tu. Hawatasikia."

"Uliwauliza?"

Chilongani akanigeukia. Mimi nikajitia kukagua waya.

Nieleze kazi yenyewe, maana watu wengi wanadhani tunapiga ramli. Unatandaza waya wa mita mia tatu hamsini na tano, na kila baada ya mita tano unapiga kigingi cha chuma. Jumla vigingi sabini na viwili. Unapitisha umeme kidogo ardhini, kigingi hadi kigingi, na kupima jinsi ardhi inavyoukataa. Mwamba mkavu huukataa kabisa. Udongo wa mfinyanzi huupitisha. Changarawe iliyoshiba maji nayo huupitisha. Kisha unapiga nyundo kwenye bamba la chuma na kusikiliza mtetemo unavyorudi, kwa visikizi vyenye mwiba ambavyo navyo lazima vichomekwe chini. Ukiunganisha hayo mawili unapata picha ya kilichozikwa bila kufukua hata koleo moja.

Kilichozikwa Nkarungo ni kazi ya barafu. Zamani za kale mito ya barafu ilishuka kutoka Kibo hadi hapa, ikisukuma mbele yake mawe, mchanga na vumbi, kama mtu anayefagia uani. Ilipoyeyuka ililiacha lundo lake, na juu ya lundo hilo ndipo kijiji chetu kilipojengwa. Chini yake kuna mabonde yaliyofukiwa. Mengine yamejaa changarawe iliyooshwa na maji yaliyokuwa yakipita chini ya barafu, na humo ukichimba unavuta maji mpaka uchoke. Mengine yamejaa tope la ziwa la kale, udongo laini unaobeba maji tele na usiokupa hata tone. Kazi yangu ni kusema lipi ni lipi.

Barafu yenyewe sikuiona. Nilizaliwa mwaka ule kipande cha mwisho kilipopigwa picha, na nilipoanza kutembea hakikuwepo. Baridi ilipanda mlima, kahawa ikaifuata baridi, na sisi tukaifuata kahawa. Nilikuwa na miaka minane tulipohamia Nkarungo, mahali ambapo babu zetu walikuwa wakipita tu wakitafuta asali. Tulipanda na kila kitu: mbegu, mbuzi, milango, na mifupa ya wazee wetu ndani ya mablanketi. Kwa kuwa ardhi ilikuwa ndogo, ukoo ulikubaliana wote walazwe kwenye ukanda mmoja mgongoni mwa kilima, umezungushiwa ua wa masale, mimea ya majani marefu ambayo kwetu ni alama ya mpaka. Mama yangu, Anande, ndiye wa mwisho kuzikwa pale. Ametimiza miaka tisa pale sasa.

Ukanda huo ulikuwa na urefu wa mita sabini, na mstari wangu mkuu ulipita katikati yake.

Mimi mwenyewe ndiye niliyeomba nipangiwe Nkarungo. Nilijiambia kwamba afadhali apime mtoto wa nyumbani kuliko mgeni. Tena nilikuwa na tamaa yangu. Mfongo wa kijiji, mfereji ambao baba yangu alikuwa mwenyekiti wake, ulikuwa umekauka msimu wa tatu mfululizo, na nilitaka kumpatia baba kibonde kidogo cha changarawe, kisima kimoja, maji ya kurudi kwenye mfereji. Nilishamwona kichwani akifungua lango la mfongo na kunisifia mbele za watu. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, bado natafuta sifa za baba.

"Tutaruka pale, baba," nikamwambia.

"Asante, mama," akasema, akatupisha njia.

Kwa hiyo tukapiga hadi kigingi cha thelathini, tukabeba waya juujuu tukipita nje ya masale, tukaendelea na cha arobaini na tano. Vigingi kumi na vinne vikabaki ndani ya gunia. Chilongani alilitupa gunia kwenye gari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Dada Ndeenengo," alisema, "mimi ni mtu wa kamba tu. Lakini mita sabini ni nyingi."

"Ni udongo wa mfinyanzi," nikamjibu. "Nimeziona namba. Pande zote mbili ni udongo. Ndani ya mita sabini kitabadilika nini?"

*

Ramani haichorwi na mtu siku hizi. Inachorwa na Msomaji, mashine ya Mamlaka ya Tabaka, ambayo hupokea namba zako na kuzilinganisha na namba za mlima mzima. Mtu anabakizwa kwa ajili ya jambo moja: dole gumba. Sheria inataka mtaalamu mwenye leseni aweke dole lake na kuapa kwamba kila namba imetoka ardhini. Mashine haiwezi kufungwa jela, ndiyo sababu.

Saa tisa mchana tulikuwa ndani ya hema. Msomaji ana sauti ya mhudumu wa hoteli, sauti isiyochoka.

"Nafasi ya thelathini na moja hadi arobaini na nne," ilisema. "Sijapokea namba. Tafadhali jaza. Je, ni kipimo au ni makisio?"

Chilongani aliinuka. "Ngoja nikakunje kamba," alisema, akatoka. Kamba zote alikuwa amekwisha kuzikunja.

Ningesema makisio, ingekuwa kweli, na nilijua kitakachofuata. Pengo linalozidi mita ishirini huletewa gari la Mamlaka, lile la minyororo, linalojipigilia lenyewe vyuma vya mita mbili na nusu kwa nguvu za mafuta. Niliwahi kuliona likifanya kazi kwenye kijiji kimoja upande wa mashariki. Lilipita juu ya makaburi saba, na bibi mmoja akalala chini mbele yake, askari wakambeba yeye na kanga yake wakamweka pembeni kama mzigo wa majani. Nikamwona baba yangu akilala pale. Angelala, namjua.

Nikatazama namba za kigingi cha thelathini na cha arobaini na tano. Arobaini na mbili, thelathini na tisa. Udongo, nikasema moyoni, udongo mtupu. Nikachukua wastani wake, na wastani wa mtetemo pia, nikaujaza kila mmoja mara kumi na nne, huku na huku nikiongeza na kupunguza kidogo ili zisifanane. Hapo ndipo ningepaswa kujishtukia. Mtu anayeamini anachosema hahangaiki kukipamba.

"Kipimo," nikasema, nikaweka dole.

"Asante, Mtaalamu Kisamo," ilisema mashine. "Kazi njema."

*

Baada ya siku nne mkuu wetu wa kanda, Bwana Lugendo, aliniita ofisini kwake mjini. Ofisi ilikuwa na ndoo mbili za maji nyuma ya mlango, kama kila ofisi, maana mji ulikuwa unapata maji siku mbili kwa mwezi. Lugendo hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, hadithi hii ingenikaa vizuri zaidi. Alikuwa baba wa mabinti watatu wanaokwenda shule bila kuoga.

"Umetuokoa," alisema, akaniwashia ramani ukutani.

Nililiona bonde. Lilikuwa limelala chini ya Nkarungo kutoka ukingo hadi ukingo, rangi ya samawati iliyokolea, mita mia tatu upana na mita sitini kina, limejaa changarawe na maji. Msomaji alikuwa ameunganisha umeme na mtetemo, akagundua nilichoshindwa kukigundua: maji ya mlima wetu yana chumvichumvi za volkano, na changarawe iliyolowa maji hayo hupitisha umeme sawa na udongo. Namba zangu za udongo hazikuwa udongo. Kushoto mwa makaburi kulikuwa na kibonde cha changarawe, kulia kulikuwa na kingine, na katikati, pale nilipojaza namba zangu za kupamba, mashine ilikuwa imevifanya viwili hivyo kuwa bonde moja kubwa.

"Lita bilioni tatu," Lugendo alisema. "Kikomo cha watu kubaki ni bilioni mbili. Kijiji kitahamishwa. Najua ni kwenu, dada yangu, nami nimeumia. Lakini mji una watu laki nne."

"Na kama si moja? Kama ni vibonde viwili vidogo?"

"Vingekuwa chini ya kikomo. Watu wangebaki, wangechimbiwa kisima chao na tungekwenda kutafuta kwingine." Alizungusha kiti akanitazama sawasawa. "Lakini si viwili. Una vipimo katikati. Au una shaka?"

Ningesema sasa. Mdomo wangu ulifunguka kabisa. Kusema kungekuwa leseni imekwenda, kesi, na lile gari la minyororo likipanda Nkarungo kesho yake.

"Nataka kurudia kipande cha kati," nikasema. "Kwa uhakika tu."

"Una siku ishirini na moja za pingamizi kabla ramani haijatangazwa. Rudia. Lakini usiseme kwa mtu, unajua kiapo chako."

"Na kuchimba shimo la majaribio kwanza?"

Akatikisa kichwa. Hilo nililijua pia. Miaka kumi nyuma kisima cha majaribio kilizamisha nyumba na watu wake, na tangu hapo sheria ikasema hakuna kuchimba juu ya vichwa vya watu. Wahamishwe kwanza, ndipo ichimbwe. Sheria nzuri. Iliandikwa na watu walioguswa na msiba.

*

Nilimkuta baba mfongoni. Alikuwa anasafisha mfereji mkavu, anatoa majani na mawe, kama anavyofanya kila Jumamosi, maji yawepo yasiwepo. Mwenyekiti wa mfongo akiacha kusafisha, alikuwa akisema, maji yakirudi yatamkuta hayupo kazini.

"Umekuja peke yako," alisema. "Yule fundi mkorofi yuko wapi?"

"Kwenye gari. Baba, nina ombi."

"Sema."

Hapa ndipo pananiuma kuliko pote, na sitapaka rangi. Nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua. La kwanza lilikuwa: baba, nimetia dole kwenye uongo, na nisipopiga vyuma vile kijiji hiki kitaondolewa chote, nyumba mia mbili na kumi. La pili ndilo nililolisema.

"Ni utaratibu tu. Ofisi inataka tukamilishe mstari. Vigingi kumi na vinne, dakika arobaini, tunavitoa hapo hapo. Nitavipiga mwenyewe, kwa mkono wangu. Taratibu."

"Utaratibu," alirudia.

"Ndiyo, baba."

"Usipofanya, utafukuzwa kazi?"

"Hapana."

"Kuna mtu ataumia?"

Kiapo cha siri kilinipa pa kujificha, lakini si kiapo kilichonifunga mdomo. Nilimwonea haya. Nilikuwa binti yake msomi, yule anayetajwa kanisani, na sikuweza kumwambia kwamba nimedanganya ardhi yake.

"Hapana," nikasema. "Ni utaratibu."

Alipanda kutoka mferejini, akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda hadi kwenye mpaka wa shamba. Akavunja jani moja la isale, refu na la kijani, akalipiga fundo katikati. Nilipoelewa anachotaka kufanya nilirudi nyuma hatua mbili.

"Baba, usifanye hivyo."

Kwetu isale si jani la kuchezea. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyekosewa, aliye na shida hulipeleka kwa mwenye uwezo, na aliyepewa hawezi kukataa, hata awe amefiwa na mwana. Lakini mdogo ndiye humpelekea mkubwa. Sikuwahi kuona baba akimshikia mwanawe isale, na sikuwahi kusikia.

Alilishika kwa mikono miwili, akainama kidogo, buti zikiwa zimejaa matope makavu.

"Ndeenengo mwanangu, nakuomba. Mama yako aliteseka sana kwa sindano mwaka ule wa mwisho. Unakumbuka. Aliniambia, Kisamo, nikifa asiniguse mtu tena kwa chuma. Nikamwahidi. Kama ni utaratibu tu, niachie ahadi yangu."

Nililipokea. Ningefanya nini? Ningelikataa kwa neno moja la kweli, na neno hilo sikulisema. Nilimshukuru, nikashuka hadi kwenye gari. Chilongani aliliona lile jani mkononi mwangu, akatazama gunia la vigingi, akawasha gari.

Siku ya ishirini na moja ilipita nikiwa kitandani, nimejifunika gubigubi, nikijiambia kwamba huenda mashine imesema kweli. Huenda kweli ni bonde moja. Mbona mashine haikosei mara nyingi.

*

Waliondolewa kwa wiki mbili. Sikutaka kwenda, nikaenda. Malori yalipanda matupu yakashuka na milango, mbuzi, miche ya kahawa ndani ya makopo. Watu hawakupiga kelele. Kizazi kile kilikwisha kuhama mara moja, kilijua jinsi ya kufunga vyombo. Mama mmoja aliniona akanisalimia kwa adabu zote, na salamu ile ilinichoma kuliko kama angenitemea mate. Hawakujua ni dole la nani. Ramani haina jina la mtu kwa chini, ina muhuri.

Makaburi yalifukuliwa mwisho. Mamlaka ilileta masanduku meupe yenye namba, na vijana waliovaa glavu. Walifanya kazi kwa heshima, sina la kuwalaumu. Mama yangu alikuwa namba thelathini na nane. Walipomtoa, niliona kijiko cha chuma cha mashine kikipita sentimita chache kutoka kwenye paji la uso wake, na baba hakuwepo kuona kwa sababu wanaume wa ukoo walikuwa wamekwisha kupelekwa chini kupokea mabati.

Kesho yake mtambo wa kuchimba ulisimamishwa palepale, kwa sababu kwenye ramani hapo ndipo bonde lilipokuwa na kina kuliko pote.

Nilikaa juu ya jiwe tangu saa mbili asubuhi. Mita tano, udongo wa juu. Mita kumi, mawe ya lundo. Mita kumi na nne bomba likaanza kutoa kitu cha rangi ya kijivu, laini, kinachoteleza. Chilongani alikwenda akachukua tonge, akarudi nalo, akanipasulia kwa kisu cha mfukoni. Ndani yake kulikuwa na mistari, mwembamba mweupe, mwembamba mweusi, mweupe, mweusi, mamia kwa mamia, tope lililotua kidogokidogo kwenye ziwa tulivu mbele ya barafu, kabla hajazaliwa mtu wa kulipa jina.

"Udongo," alisema.

"Wachimbe zaidi."

Walichimba hadi mita sabini. Udongo. Ukuta mnene wa udongo, umesimama katikati ya vibonde viwili vidogo vya changarawe, umevitenga. Walichimba na huko pembeni pia: kushoto lita milioni mia tatu, kulia mia mbili na kitu. Maji ya kutosha kijiji kimoja na mfongo wake kwa miaka mingi. Kwa mji wa watu laki nne ilikuwa wiki mbili tatu, wala haikufaa gharama ya bomba.

Nilikuwa nimesema ni udongo, na pale hasa pasipopimwa nilikuwa nimesema kweli. Vigingi kumi na vinne, pamoja na visikizi vyake, vingeonyesha hivyo kwa dakika arobaini. Ukweli ulikuwa chini ya mama yangu, mita kumi na mbili chini ya mgongo wake.

Nkarungo haikurudishwa. Ardhi ikishatangazwa hairudi, kuna kifungu kinachosema hivyo. Wameizungushia waya na kuandika kibao.

*

Kambi ya Tambarare ipo chini kabisa, kwenye joto ambalo babu zetu walilikimbia. Mabati ni mapya, milango ina namba. Nilikwenda mchana. Nilikuwa nimekwisha kuandika barua kwa Mamlaka, nimeeleza kila kitu, na leseni yangu nimeiambatanisha humo humo. Lugendo alinijibu kwa mstari mmoja: "Ungeniambia siku ile." Kesi itasikilizwa mwezi ujao. Lakini kabla ya kesi nilikuwa na mtu mmoja wa kumwambia, na ndani ya mkoba wangu, ndani ya kitambaa kibichi, nilikuwa na jani la isale nililolivunja pale makaburini kabla hawajafunga waya.

Baba alikuwa amekaa kizingitini mwa mlango namba mia moja na tisa. Buti za mpira alikuwa amezivua. Sikuwahi kumwona akiwa na ndala.

"Karibu, mama," alisema. "Nasikia wamechimba."

"Wamechimba, baba."

"Yako mengi?"

"Hakuna. Ni udongo."

Jirani alikuwa anapigilia kitu, nyundo ikagonga mara sita, saba, ikanyamaza.

"Siku ile ulipokuja mfongoni," baba alisema. "Ule utaratibu. Ulikuwa unajua?"

Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Njia nzima nilikuwa nayapanga, jinsi sheria ilivyo mbovu, jinsi mashine ilivyounganisha, jinsi gari la minyororo lingekuja. Yote yalikuwa kweli na yote hayakuwa jibu.

"Nilikuwa najua," nikasema. "Nilikuwa nimejaza namba za uongo pale alipolala mama. Kama ningepiga vile vyuma siku ile, mngebaki. Sikukwambia. Niliona haya."

Hakupaza sauti. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Nilikuuliza kama kuna mtu ataumia."

"Uliniuliza, baba."

"Ukaniacha nikakushikia isale, kwa ajili ya mfu mmoja, na watu elfu moja wapo nyuma yangu. Ungeniambia ni watu, Ndeenengo, nyundo ningeishika mwenyewe. Mama yako angenielewa. Angenicheka, angesema, Kisamo, umeanza lini kumwogopa mkeo? Ahadi ni yangu na yeye. Tungeyamaliza."

Nilipiga magoti pale kwenye vumbi. Nikafungua kitambaa, nikalitoa jani. Lilikuwa limeanza kunyauka ncha, lakini fundo lilikaa vizuri. Nikalishika kwa mikono miwili kama alivyolishika yeye.

Alilitazama muda mrefu mno. Mkono wake wa kulia uliinuka, ukashuka, ukakaa juu ya goti. Nilimjua baba yangu maisha yangu yote, na nilijua kwamba wakati ule alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, na kwamba hakuna. Aliyepewa hawezi kukataa.

Akalichukua.

"Nimepokea," alisema. "Ungekuja mikono mitupu ningekufukuza."

Honi ya lori la maji ikalia barabarani. Watu walitoka kwenye milango yao na ndoo, wakaanza kujipanga. Baba aliliweka jani juu ya dirisha, akavaa ndala zake, akachukua ndoo ya plastiki ya bluu na kwenda kusimama kwenye foleni, nyuma ya mtu wa mlango namba mia moja na nane. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwenyekiti wa mfongo, yeye ndiye aliyekuwa anasema nani anafungua maji na saa ngapi.

Nilibaki nimepiga magoti mpaka foleni ilipokwisha. Nilikuwa nimesamehewa, na hakuna anayeweza kulibatilisha hilo. Natamani angenifukuza.